Kabla ya Kujaza Fomu ya Chuo

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa Dzaleka wenye umri mkubwa wanaotaka kusomea shahada ya mifumo ya taarifa



Leo sina habari ya mgao wala ya usajili. Nimeombwa niseme na wale walioacha shule njiani kwa sababu ya vita, ndoa, kuhama au kukosa ada. Una miaka 30 au 40, una watoto, una meza yako sokoni, na umesikia kwamba mkimbizi anaweza kusomea shahada kwa kompyuta bila kutoka Dzaleka. Ni kweli, inawezekana. Lakini yako maswali manne ya kuuliza kwanza.

Mimi sikuyauliza. Nilikuwa na miaka 36. Nililipia masomo ya mtandaoni mwaka mzima kwa fedha za kuuza vitenge, nikapewa cheti kizuri chenye muhuri. Nilipokipeleka mahali pengine ili niendelee na masomo, niliambiwa kwamba chuo hicho hakitambuliwi. Fedha nilizitafuta tena, lakini mwaka ule haukurudi. Sitaki yakupate hayo.

Swali la kwanza: Nitasoma nini hasa?

Wengi hudhani mifumo ya taarifa ni kutengeneza kompyuta au kujifunza kupiga chapa. Sivyo. Fikiria siku ya mgao. Mtoto amezaliwa, mzee amefariki, familia imehamia nyumba nyingine. Nani anaandika mabadiliko hayo? Nani anaruhusiwa kuyaona? Mtu mmoja akiandikwa Yusufu hapa na Joseph pale, mashine itahesabu watu wawili. Kazi ya aliyesomea fani hii ni kupanga jinsi taarifa zinavyokusanywa, kutunzwa, kulindwa na kutumiwa. Yeye husimama kati ya watu wa kazi na watu wa mashine. Sayansi ya kompyuta ni jirani yake, lakini huingia zaidi katika hesabu na uandishi wa programu.

Kwa hiyo umri wako si mzigo mtupu. Kama umewahi kutunza daftari la kikundi cha akiba au kuhesabu dawa za zahanati, tayari unajua kosa dogo la maandishi linavyoumiza watu. Omba orodha ya masomo kabla ya kuamua. Tafuta humo hifadhidata, uchambuzi wa mifumo, mitandao, usalama wa taarifa, na uongozi wa shughuli. Ukikuta ni kuandika barua na kuchora majedwali tu, hiyo ni kozi fupi, hata wakiiita shahada.

Swali la pili: Nani anakitambua chuo hiki?

Hapa Malawi liko Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Chuo cha nje nacho kinapaswa kuwa na chombo kinachokikagua katika nchi yake. Uliza jina la chombo hicho, kisha ulizia kwa mtu mwingine, si kwa yule anayekuuzia masomo.

Tofautisha pia ngazi za vyeti. Kuanzia mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani, kilitoa diploma hapa Dzaleka kupitia mpango wa Wajesuti. Diploma si shahada, lakini inaweza kuwa ngazi ya kupandia. Uliza mapema: nikimaliza hii, masomo yangu yatahesabiwa wapi? Na kama vyeti vyako vya sekondari vilibaki Bukavu au Bujumbura, sema siku ya kwanza, usingoje siku ya mwisho ya kupokea fomu.

Swali la tatu: Nitasomaje?

Baadhi ya vyuo vikuu vya serikali viko Zomba, Blantyre na Mzuzu. Kusoma huko ni kuhama, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Hata Lilongwe, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 45, si ya kwenda na kurudi kila siku kwa mtu mwenye watoto.

Masomo ya mtandaoni nayo yana taratibu zake. Vyuo vingine hupima mwanafunzi kwa kazi anazoweza kuzifanya, na anayechelewa hurudia kazi hiyo. Vingine vina tarehe ambazo hazingojei umeme urudi. University of the People, iliyoanzishwa mwaka 2009, ina shahada ya sayansi ya kompyuta. Haitozi ada ya mafundisho, lakini kuna malipo ya upimaji wa kila somo, na wasioweza huomba kusaidiwa. Jiulize: nitapata saa ngapi kwa wiki? Kompyuta ya nani? Na Kiingereza changu kinatosha? Aliyesoma kwa Kifaransa asione haya kuanza na miezi kadhaa ya lugha.

Swali la nne: Nani atalipa, na itanifikisha wapi?

Ufadhili wa DAFI, unaotokana na serikali ya Ujerumani na UNHCR tangu mwaka 1992, una masharti ya umri. Yaulize kwanza, usije ukajenga matumaini bure.

Na tuseme ukweli. Malawi ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka mipaka juu ya kazi, elimu na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Shahada peke yake haikupi ruhusa ya kuajiriwa Lilongwe. Anayekuahidi kazi kwa sababu ya cheti anakudanganya. Lakini elimu hii inatumika kambini, katika biashara yako na katika vikundi vyetu, na utakwenda nayo popote, ukirudi nyumbani au ukipelekwa nchi nyingine. Hakuna atakayeipekua mizigo yako akaichukua.

Basi ndugu zangu, andikeni maswali haya manne kwenye karatasi. Msijaze fomu mpaka kila swali lipate jibu. Asiyeelewa aje ofisi ya elimu na fomu yake, tuisome pamoja. Huduma za UNHCR na mashirika yanayoshirikiana nayo hazilipiwi. Mtu akikuomba fedha ili akuwekee nafasi, usimpe, toa taarifa.

Haraka haraka haina baraka. Wiki mbili za kuuliza ni chache kuliko mwaka nilioupoteza mimi.