Spana ya Mstaafu

Msikilizaji, simama alfajiri kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, popote kati ya Ukunda na Msambweni, kabla jua halijapanda juu ya minazi. Utamwona mchuuzi wa samaki amefunga tenga kwenye keria, anawahi madau ya Gazi. Utamwona mgema na madumu yake. Kisha atapita mwanafunzi wa sare, amekunja mguu mmoja wa suruali usinaswe na cheni, lakini hajapanda. Baiskeli anaikokota. Gurudumu la nyuma limelala.

Saa hiyo hiyo, nyuma ya ua wa makuti, yuko mtu mwingine. Ameshaswali, ameshakunywa chai, redio ameifungulia, na hana pa kwenda. Huyo ni mstaafu. Maoni yangu leo ni kwamba watu hawa wawili wakutanishwe.

Tangu mwaka 2009 mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60; kabla ya hapo ilikuwa 55. Mtu wa miaka 60 bado ana mikono, na subira yake imezidi ile ya ujana wake. Kaunti yetu ya Kwale imejaa mikono ya namna hiyo: walimu, wauguzi, madereva, mafundi waliotunza mitambo ya hoteli za Diani. Mgodi wa Base Titanium ulipomaliza uchimbaji Desemba 2024, nao uliwaacha nyumbani watu waliozoea spana na grisi. Wengi hupenda kujitolea, ila huanza kwa kuandika barua kwa mashirika na kungojea. Majibu hayaji, mwaka unapita, hamu inaisha. Kazi ninayoisema haihitaji barua. Inahitaji pampu, spana, karai la maji na mtu anayejua.

Kwa nini baiskeli? Kwa sababu shule iko mbali, hasa ukiiacha lami ukaingia ndani, upande wa Kinango na Lunga Lunga. Huko Zambia shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, liliwapa wasichana wa vijijini baiskeli nzito za chuma. Watafiti wakawalinganisha na wenzao wasiopewa. Siku za kukosa shule zilipungua kwa asilimia 28, na muda wa safari ukapungua kwa theluthi. Lakini kinachonivutia zaidi ni kitu ambacho hakipigwi picha: katika mpango ule shule huunda kamati ya baiskeli, yenye walimu, wazazi na wanakijiji, inayoangalia kama baiskeli zinatunzwa na zinatumika kwa masomo. Kamati kama hiyo ni kiti cha mstaafu kabisa. Nayo haingoji mfadhili, kwa sababu baiskeli tunazo tayari. Ziko nyumbani, zimeegeshwa ukutani, zinaota kutu kwa kukosa kiraka.

Na pancha ni kazi ya robo saa. Unaing'oa tairi kwenye rimu, unatoa tyubu, unaijaza upepo, unaizamisha karaini mpaka uone mapovu yanapotokea. Unaikausha, unasugua kwa msasa, unapaka gundi, unaiacha ishike kidogo. Hapo ndipo watoto hukosea, wana haraka. Ndipo unabandika kiraka na kukikandamiza. Halafu, kabla ya kurudisha chochote, unapitisha vidole polepole ndani ya tairi kuutafuta mwiba. Ukiusahau mwiba, pancha ya kesho ni ile ile ya leo. Mimi nilijifunza kuendesha kwa kupitisha mguu chini ya paipu, kama wengi wa rika langu, kwa sababu baiskeli ilikuwa ya mtu mzima na miguu haikufika. Kuendesha nilijifundisha mwenyewe kwa kuanguka. Kuziba pancha nilifundishwa na mzee, na sijasahau hata hatua moja.

Sasa nitasema jambo ambalo wenye nia njema hulisahau. Chini ya mwembe au mkorosho, karibu kila kituo, yuko fundi baiskeli, na wanawe wanakula kwa viraka anavyobandika. Pikipiki zimeshampunguzia wateja. Mstaafu mwenye pensheni akija kufungua ufundi wa bure hatua ishirini kutoka kwake, atakuwa amemnyang'anya riziki. Hilo si jema hata kidogo, hata lifanywe kwa moyo safi namna gani.

Basi wewe mstaafu, uanze kwa fundi huyo. Mwamkie, kaa naye kwenye benchi lake, mweleze nia yako. Gundi, viraka na gololi nunua kwake. Kazi nzito, kama kunyoosha rimu iliyopinda kwa kukaza na kulegeza spoku, au kubadilisha friwili, ziache kwake na alipwe. Akikubali, mwalike siku moja shuleni afundishe, umpe posho ya siku aliyoiacha kazi yake. Wewe kazi yako si kutengeneza. Kazi yako ni kumfundisha mtoto ajitengenezee yale madogo, na yale makubwa ajue kuyatambua mapema ayapeleke kwa fundi kabla breki hazijamsaliti mteremkoni.

Shuleni nako kuna adabu yake. Unaingia kwa mwalimu mkuu, na wazazi wanaarifiwa. Mafunzo yanafanyika uwanjani, mbele ya macho ya watu, mwalimu akiwepo. Usimchukue mtoto wa mtu peke yake, hata kama babu yake ni rafiki yako. Wanafunzi wa gredi ya 7 hadi ya 9 siku hizi wana somo la utangulizi wa ufundi, na baiskeli moja mbovu iliyopinduliwa juu chini ni kifaa kizuri cha somo hilo: nguvu, msuguano, meno ya gia, vyote viko pale.

Mfano tunao hapa hapa nchini. David Kinjah, aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za baiskeli, kwa miaka mingi amewakusanya vijana huko Kikuyu katika kundi la Safari Simbaz, anawafundisha kuendesha na kutengeneza pia. Kwake alipita Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Lakini mimi nampa heshima Kinjah zaidi kwa wale ambao majina yao hatuyajui, waliopata ufundi mikononi.

Mama zangu wastaafu, kazi hii ni yenu pia. Msichana wa Msambweni anaachwa nyuma mara nyingi kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba anaweza. Kuna suala la vazi: buibui au sketi ndefu hunaswa na cheni. Jibu lake ni kava ya cheni na baiskeli isiyo na paipu ya juu, na maneno ya kumtoa hofu kutoka kwa mwanamke mzima anayeheshimika kijijini. Muuguzi mstaafu akimshikia binti tandiko ajifunze, jirani gani atasema ni aibu?

Barabara yetu ni hatari. Zaidi ya watu 4,000 hufa katika barabara za Kenya kila mwaka, na lori likikupita kwa kasi unausikia upepo wake mbavuni. Kwa hiyo wafundishe watoto njia za ndani, za mchanga na mikorosho, hata kama ni ndefu. Wafundishe kwenda kwa mstari mmoja, kuwasha taa giza likiingia, kushuka na kukokota penye kona mbaya. Msimu wa kusi, anayetoka Ukunda kwenda Msambweni anaupokea upepo usoni. Waambie watoke nyumbani mapema, wasije wakakimbizana na magari. Na wewe mwenyewe, ukitaka kuwasindikiza ukiendesha, kapime presha kwanza.

Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Usiingojee. Mzee wangu, mama yangu, kesho asubuhi pitia kwa fundi pale chini ya mkorosho, nunua gundi na viraka kumi, kisha nenda ukamwone mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe.