Nyumba Yako, Ardhi ya Nani?

Msikilizaji, Mombasa wako wengi wanaomiliki nyumba bila ardhi: kuta ni zao, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi.

Kwa nini jambo hili ni zito? Bila hatimiliki, ni vigumu kupata mkopo wa benki kwa dhamana ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba anayetaka kununua kiwanja hicho huanza kwa kupekua sajili ya ardhi. Mara nyingine aliyeandikwa humo kuwa mwenye ardhi alishafariki, na warithi wametawanyika.

Kwa upande mmoja, aliyejenga anastahili usalama. Kwa upande wa pili, kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamlinda mwenye ardhi.

Swali ni hili: mwenye ardhi asipopatikana, nani apange bei ya haki?