Baki Haitupwi Ovyo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Jambo langu laweza kuonekana dogo, maana ni hesabu ya watoto wa shule ya msingi. Lakini iliniaibisha mimi niliye karani.

Niliagizwa kutafuta magari ya kuwachukua watoto 130 waendao michezoni. Kila gari lachukua 40. Niligawanya nikapata 3, baki 10, nikaandika, “Magari 3.” Asubuhi watoto kumi waliachwa barabarani na vyakula vyao mikononi, na mmojawapo alikuwa mwanangu. Aliniuliza, “Baba, sisi ndio baki?” Sikuwa na jawabu.

Kosa hili si letu peke yetu. Habari zilizochapishwa Marekani mwaka 1983 zaeleza kwamba watoto wa miaka 13 waliulizwa: Askari 1,128 wahitaji mabasi mangapi, ikiwa basi moja lachukua 36? Wengi walijua kugawanya. Lakini 29 katika kila mia walijibu, “31, baki 12,” na 23 tu ndio waliosema 32. Nani amepata kupanda basi liitwalo “baki 12”?

Basi, tuwasaidiapo watoto wetu nyumbani, tusiwaambie “Gawanya” tu. Tuwaulize baki ni kitu gani, na itafanywaje. Njia ni nne.

Kwanza, huongeza moja. Watu hawaachwi, magari yangu yalipasa kuwa 4.

Pili, huwekwa kando. Kitambaa mita 25, kila kanzu mita 3: kanzu ni 8, na mita 1 iliyobaki haitoshi kanzu.

Tatu, hugawanywa tena. Shilingi 50 kwa ndugu 4 ni 12, baki 2. Shilingi 2 ni senti 200, basi kila mmoja apata shilingi 12 na senti 50.

Nne, baki yenyewe ndiyo jawabu. Leo ikiwa Jumatatu, baada ya siku 30 itakuwa siku gani? 30 kwa 7 ni 4, baki 2. Basi ni Jumatano.

Ndugu zangu, kugawanya ni kule kule. Swali ndilo liamualo haki ya baki. Mtoto akiisha kupata jawabu, na alisome swali mara ya pili, ajiulize: Je, hakuna aliyeachwa njiani? Nami hufanya vivyo hivyo kabla ya kutia sahihi.