Nukta au Mabano: Kitu Gani Kiamue Katika Programu?



Tuchukue daftari la mifugo wa Bibokoboko, mashariki mwa Kongo, tuligeuze programu. Ng'ombe ana jina, rangi, mama yake na zizi analolala. Siku moja anateremshwa hadi mji wa Baraka kuuzwa. Mauzo hayo tutayaandikaje? Mwanafunzi wa Python huandika:

ngombe.uza(mnunuzi, bei)

Mwenzake huandika:

uza(ngombe, muuzaji, mnunuzi, bei)

(Ritifaa ya ng'ombe nimeiacha kwa makusudi: Python ikikutana nayo hudhani maandishi ya kunukuliwa yameanza.)

Wengi huona tofauti hii ni ya mapambo tu. Nakataa. Mstari wa kwanza unaiweka kazi ya kuuza ndani ya klasi ya ng'ombe, ilhali mauzo ni mapatano ya watu wawili juu ya mnyama. Muuzaji hata hatajwi.

Nukta tumeirithi kutoka Simula 67, lugha iliyotungwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Waliitunga ili kuiga mwenendo wa mambo ya dunia ndani ya kompyuta, kila kitu kikibeba tabia zake, na kwa kazi hiyo ilifaa sana. Smalltalk, iliyozaliwa katika maabara ya Xerox huko California miaka ya 1970, haikuita kwa nukta: kitu hutumiwa ujumbe, nacho huamua la kufanya.

Hapo kwenye kuamua ndipo penye kiini cha mjadala. Tukiandika mnyama.kadiria_bei(soko), mashine hutazama kilicho kushoto kwa nukta. Kikiwa ng'ombe, itaendesha metodi ya ng'ombe. Kikiwa mbuzi, ya mbuzi. Katika Python, soko lililo ndani ya mabano halina sauti katika uchaguzi huo. Katika Java lina sauti kidogo: aina yake huangaliwa programu inapotafsiriwa, si inapoendeshwa. Lakini kila mfugaji anajua bei hutegemea mnyama na soko kwa pamoja. Ukitaka vyote viwili viamue, utarundika masharti ndani ya metodi, au mnyama aliite soko nalo soko limwite mnyama. Nimeona wanafunzi hodari wakipotea katika mzunguko huo, na si kosa lao. Common Lisp, iliyopata kanuni rasmi za ANSI mwaka 1994, na Julia, iliyotangazwa 2012, zina dawa: hoja zaidi ya moja, yaani vitu vilivyo ndani ya mabano, zinaweza kuamua, na mwito huandikwa kama funksheni, bila kukipendelea kitu kimoja.

Nukta nayo ina haki yake. Linganisheni mifugo.panga().chuja().chapisha() na chapisha(chuja(panga(mifugo))). Katika mstari wa pili, kazi inayotangulia, ya kupanga, imefichwa ndani kabisa. Tena, ukiandika nukta, kihariri kizuri hukuonyesha metodi zilizopo. Kwa mwanafunzi anayejifunza mbali na intaneti, msaada huo hauna mfano.

Wapo waliotaka kumaliza ugomvi kwa kuziunganisha njia hizi. Lugha ya D huruhusu funksheni ya kawaida kuitwa kwa nukta. C# iliongeza kitu cha karibu na hicho mwaka 2007. Mwaka 2014 Bjarne Stroustrup na Herb Sutter walipendekeza muungano kama huo katika C++, lakini haukuingia katika C++17. Kwa mtaalamu uhuru huo ni mzuri. Kwa anayeanza, naona unaficha swali analopaswa kuulizwa.

Msimamo wangu ni huu. Kitu kimoja kikiwa ndicho kinachobadilika na ndicho kinachoamua, tumieni nukta: ngombe.hamia(zizi) ni sahihi. Kazi ikiwafunga watu au vitu kadhaa, kama kuuza, kugawa urithi au kulipa mahari, andikeni funksheni, na kila mhusika atajwe ndani ya mabano. Nawaomba walimu wasianze na klasi. Waandike miito yote miwili ubaoni, hata pasipo umeme, kisha wawaulize wanafunzi: hapa, kitu gani ndicho kinachoamua?