Swala Pala na Nyama ya Mtego



Ndugu Waislamu wa Keko, kila apitaye njia ya Morogoro kwenda Iringa huwaona swala pala katika majani ya Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. (Tusiwachanganye na Swala tuliyoimaliza sasa hivi.) Wengi wetu huwatupia jicho kutoka dirisha la basi kisha tukasinzia. Leo tuwatazame zaidi, kwani Allah (s.w.) ametujulisha katika Surat al-An'am, aya ya 38, kuwa wanyama nao ni umma mfano wetu.

Umma huu una taratibu zake. Wenye pembe ni madume tu. Msimu wa kupandana ufikapo, dume mwenye nguvu hulinda kundi la majike, akiunguruma na kuwafukuza wenziwe, hata hapati wasaa wa kula vizuri. Hudhoofika, na mwingine akamnyang'anya nafasi. Kupe wa kichwani na shingoni, ambako mdomo wake mwenyewe haufiki, swala huondolewa na mwenziwe: huyu humkwangua yule kwa meno mara kadhaa, kisha yule humrudishia.

Linalotugusa zaidi ni uzazi. Jike hubeba mimba kiasi cha miezi 6 na nusu, na akikaribia kuzaa hujitenga na kundi. Siku za mwanzo mtoto hufichwa kichakani. Mama huenda malishoni na hurudi kumnyonyesha. Mtoto hulala bila kutikisika, na kimya hicho ndicho ngao yake. Mama akinaswa na kitanzi cha waya, mtoto huendelea kunyamaza, akimsubiri. Na Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Daud, aliamuru ndege mmoja arudishiwe makinda yake yaliyochukuliwa safarini.

Hapa ndipo penye mas-ala yetu. Nyamapori iliyokaushwa hupitishwa mitaani kwa siri, na muuzaji huapa kuwa ni halali. Swala kwa asili yake ni halali, hapana khitilafu. Wala mtego peke yake hauharamishi: mnyama akikutwa hai akachinjwa kisheria, analiwa. Lakini waya huachwa porini pengine siku nzima au zaidi, nao hukaza shingo hadi mnyama akakata roho. Huyo ndiye al-munkhaniqa, aliyekufa kwa kusongwa koo, aliyeharamishwa katika Surat al-Maida, aya ya 3. Kumpitishia kisu baada ya hapo hakumhalalishi.

Wapo wasemao: tutaje jina la Allah, tule, tusichunguze. Wanaitegemea Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), nayo ni sahihi, lakini inahusu shaka ya kutajwa jina la Allah wakati wa kuchinja, si shaka ya kuwa mnyama alichinjwa au alikufa mwenyewe. Adiyy bin Hatim (r.a.) alikatazwa kula windo alilolikuta limezama majini, kwa kuwa hajui limeuawa na mshale wake au na maji. Ikiwa mwindaji mwenyewe amezuiwa kwa shaka hiyo, itakuwaje kwetu tunaouziwa kipande gizani, na muuzaji mwenyewe hakuwepo porini?

Anayeitamani nyamapori, kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha maalumu yenye leseni. Aende huko, aulize nani alichinja na vipi. Asiporidhika na jibu, samaki wa Feri hawana mas-ala haya.