Injini ya Dizeli Inapokataa Kuwaka Asubuhi

Leo tunazungumza na wenye matrekta na wenye mashine za kusaga katika wilaya za Mbulu na Hanang. Kule kwenu miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi, na ndiyo miezi ambayo ngano ya Basotu inangoja kuvunwa. Basi alfajiri inasikika stata ikizunguka, inazunguka, mpaka betri inakufa. Hapo wanaitwa vijana wasukume, au mtu anafungua nozeli zote. Ngoja kwanza, ndugu yangu. Kabla ya kushika spana, tazama bomba la moshi.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche kama ya petroli. Yenyewe hukandamiza hewa mpaka hewa ile inakuwa ya moto mkali, kisha nozeli inapuliza dizeli humo, nayo inawaka. Kwa hiyo inataka vitu viwili tu: dizeli ifike, na hewa ipate moto wa kutosha. Moshi utakuambia ni kipi kimekosekana.

Stata ikizungusha vizuri na moshi hautoki hata kidogo, dizeli haifiki. Angalia kama waya wa kuzimia injini umerudishwa ndani. Usicheke, wengi wamemlipa fundi kwa sababu ya waya huo! Angalia koki ya tangi iko wazi. Kama tangi lilikauka, au ulibadilisha filta, hewa imeingia kwenye mabomba, na lazima uitoe. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, halafu pampu kwa kipini kidogo cha pampu ya mkono. Itatoka dizeli yenye povu. Endelea mpaka itoke safi bila mapovu, ndipo ukaze. Kipini kikiwa hakina uzito wowote mkononi, zungusha injini kidogo, kisha ujaribu tena. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za mabomba mawili ya nozeli, mwenzako apige stata mpaka dizeli itoke, ukaze. Mkono wako uwe mbali na dizeli inayoruka kwa nguvu, maana inapenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali.

Kama hewa inarudi kila asubuhi, kuna mahali bomba linavuta. Tafuta kwenye maungio na washa zilizochakaa, kati ya tangi na pampu.

Sasa, ukiona moshi mweupe, dizeli inafika ila haiwaki. Hewa haipati moto. Kwanza ni betri: stata ikizunguka polepole, joto linapotea. Osha vichwa vya betri kwa maji ya magadi, ukiangalia yasiingie ndani, kisha ukaze sawasawa. Oili namba 40 huwa nzito kwenye baridi, nayo inaizuia stata. Matrekta mengi ya Massey Ferguson yana kifaa cha kupasha hewa. Peleka ufunguo upande wa kupasha, ushikilie sekunde 15 hadi 20, ndipo upige stata. Mara nyingi utakuta waya wake ulikatika zamani na hakuna aliyejali. Maji ya uvuguvugu kwenye rejeta yanasaidia pia, lakini si ya kuchemka, maana chuma baridi hupasuka. Usipige stata zaidi ya sekunde 15 au 20 kwa mara moja, iache ipumue.

Injini ikikataa asubuhi, ikawaka vizuri mchana, na ikapumua moshi pale pa kujazia oili, basi ringi zimechoka. Hilo ni la fundi.

Yapo mambo mawili ambayo sisi wataalamu tunayakataza kabisa. La kwanza ni kuweka kitambaa cha petroli penye kuvuta hewa, au kuwasha moto chini ya injini. Petroli huwaka kabla ya wakati wake, inavunja pistoni, na moto huo umewahi kula trekta na banda lake. La pili ni kwa wenzetu wa mashine za kusaga zinazozungushwa kwa hendeli. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli, kwa sababu injini ikirudisha nyuma itavunja kiganja. Inua kijiti cha valvu, zungusha mpaka gurudumu lipate kasi, usikilize nozeli: kila inapopuliza hutoa mlio mfupi wa kukwaruza. Ukiusikia, angusha kijiti. Usipousikia, usijichoshe, dizeli haifiki, rudi kwenye kazi ya kutoa hewa.

Jioni mkimaliza kazi, jazeni tangi. Tangi lililo nusu tupu hupata umande ndani usiku, na maji hayo yataishia kwenye filta. Kila wiki legezeni kiplagi cha chini ya filta, mwage kidogo kwenye chupa ya kioo. Maji hukaa chini na dizeli juu, mtayaona wenyewe.