Saa za Kujitolea Ughaibuni na Njia za Vijiji vya Serengeti

 Makala hii inaangazia kazi za kujitolea zinazofanywa na wanafunzi wa sekondari kwa ajili ya jamii ambazo hawajapata kuzitembelea, na ambazo pengine hawatazitembelea maishani mwao.

Katika mataifa kadhaa ya Magharibi, kujitolea si hiari tupu. Jimbo la Maryland nchini Marekani lilipitisha mwaka 1992 kanuni inayomtaka kila mwanafunzi wa shule ya umma atimize saa 75 za huduma kwa jamii kabla ya kuhitimu masomo ya sekondari. Jimbo la Ontario nchini Canada nalo liliweka sharti la saa 40 mwaka 1999. Wazazi wa Kiswahili waliohamia Toronto au Baltimore wanalifahamu vyema jambo hili, maana kila mwaka huwapo kijana anayekumbuka fomu yake ya saa pale tu mahafali yanapobisha hodi.

Kwa desturi saa hizo zilitumika karibu na nyumbani: kuokota taka ufukweni, kuwasomea wazee magazeti, kupanga vitabu maktaba. Waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi walipanda ndege na kwenda Afrika kwa majuma mawili kupaka rangi kuta za shule. Wageni hao walipokelewa kwa ngoma na chai, na wengi wao walikuwa na nia njema. Hata hivyo, ni vigumu kulikwepa swali ambalo mafundi wa vijijini wamekuwa wakiulizana kimyakimya: nauli ya kijana mmoja ingewalipa mafundi wangapi wa hapo hapo, tena wanaojua kushika brashi?

Njia ya tatu ni ya kutumika kwa mbali, nayo si ngeni kama inavyodhaniwa. Mwaka 1988, kabla Vita Baridi havijamalizika, shule za Moscow na za jimbo la New York ziliunganishwa kwa kompyuta kupitia mradi ulioanzishwa na Mmarekani Peter Copen, ili wanafunzi wa pande mbili zilizofundishwa kuogopana wafanye kazi kwa pamoja. Mradi huo ndio uliozaa mtandao wa iEARN, unaounganisha shule katika mabara yote yenye watu. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga milango ya shule, walimu wengi waliokuwa wakiudharau mtindo huu waliugeukia kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine.

Miongoni mwa kazi za aina hiyo, iliyo nyepesi kuieleza na nzito kwa matokeo yake ni uchoraji wa ramani. OpenStreetMap ni ramani ya dunia isiyouzwa, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuitumia. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mwingereza Steve Coast. Thamani yake ilidhihirika baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 12, 2010, pale watu waliojitolea kutoka nchi mbalimbali walipochora barabara na majengo ya Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia ramani hizo. Mwaka 2014 mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza, pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka na wachoraji wa ramani za kibinadamu, walianzisha mradi wa Missing Maps, wenye lengo la kuchora maeneo yaliyo hatarini kabla maafa hayajafika.

Maafa, hata hivyo, si lazima yawe tetemeko. Mkoani Mara, kaskazini mwa Tanzania, hatari hurejea kwa kalenda. Katika baadhi ya koo za Wakurya na makabila jirani, msimu wa ukeketaji huangukia hasa mwezi Desemba, shule zinapokuwa zimefungwa na mabinti wako nyumbani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inaufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Lakini sheria haitembei yenyewe. Inahitaji askari, gari, na mtu anayejua njia ya kwenda.

Mwaka 2014 Nyumba Salama ilifunguliwa katika mji wa Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ili kuwapokea mabinti wanaokimbia kisu cha ngariba. Bi Rhobi Samwelly, aliyeiongoza nyumba hiyo, alikeketwa akiwa na umri wa miaka 13, na ameeleza hadharani kwamba nusura apoteze maisha yake. Simu inapoingia usiku, kwamba binti fulani wa kitongoji fulani anaandaliwa kwa ajili ya alfajiri, swali la kwanza ni: kitongoji hicho kiko wapi? Kwa miaka mingi ukifungua ramani ya eneo hilo ulikuta jina la mji, barabara kuu, kisha weupe mtupu. Vijiji vilikuwepo, watu walikuwepo, njia za ng'ombe na za bodaboda zilikuwepo, ila havikuwa vimeandikwa popote.

Mwaka 2015 Mwingereza Janet Chapman alianzisha mradi wa Crowd2Map chini ya Tanzania Development Trust, shirika la hisani la Uingereza, ili kuujaza weupe huo. Maelfu ya watu wameshiriki tangu wakati huo, na kazi yenyewe haidai shahada wala umri mkubwa. Hapo ndipo wanafunzi wa sekondari wanapopata nafasi.

Eneo la kuchorwa hugawanywa katika miraba midogo. Mwanafunzi huchagua mraba mmoja, nao hufungwa kwa jina lake ili mwingine asiuingilie. Mbele yake huwa na picha iliyopigwa kutoka angani. Hufuata ukingo wa kila paa kwa kubofya pembe moja baada ya nyingine, kisha huzichora barabara, vijia na mito. Amalizapo huutangaza mraba wake kuwa umekamilika, na hapo mchoraji mzoefu zaidi huja kuukagua. Mraba usiokaguliwa ni rasimu tu.

Ukisikia maelezo hayo unaweza kudhani kazi ni rahisi. Tabu huanza pale kijana aliyekulia katika mji wa ghorofa anapokutana na Serengeti. Duara la rangi ya majani makavu ni nyumba ya msonge au ni kihenge cha nafaka? Doa lile jeusi ni paa au ni kichuguu? Mstari mweupe unaojipinda bondeni waonekana kama barabara nzuri kabisa, kumbe ni korongo lisilo na maji wakati wa kiangazi, na mtu atakayelifuata usiku wa mvua atakwama. Mawe makubwa ya nyanda hizo nayo humhadaa mgeni. Wengine huchora kivuli cha nyumba badala ya nyumba, wengine hulichora boma zima kama jengo moja. Mkaguzi mwenye subira huwaandikia wachoraji, akawaeleza kosa na kuwarudishia mraba wao. Wanaokubali kurudishiwa ndio hatimaye huwa wachoraji wazuri.

Hapa pana jambo ambalo waandaaji wa miradi hii hawana budi kuliangalia kwa makini. Sharti la shule huhesabu saa, ilhali ramani haihesabu saa. Mwanafunzi anayekimbilia kujaza fomu yake anaweza kuchora miraba kumi kwa jioni moja, na yote kumi ikawa mzigo kwa mkaguzi. Mwenzake akachora mmoja kwa muda ule ule, ukawa safi. Katika cheti wanalingana. Shule inayotaka kutenda haki ingefaa kuwapa wanafunzi wake muda wa kurekebisha makosa yao na kuuhesabu muda huo pia, kwani ndio wenye mafunzo mengi kuliko wote.

Aidha, picha ya setilaiti haina sauti. Humwonyesha mchoraji kuwa pana paa refu, lakini haimwambii kama hiyo ni shule, zahanati au ghala. Wala hailijui jina la kitongoji. Majina hutoka kwa wenyewe. Wakazi waliofunzwa kutumia programu za simu hupita vijijini, wakayarekodi majina ya vitongoji, shule, zahanati, visima na ofisi za kata. Bila wao, kazi yote ya ughaibuni hubaki kuwa michoro ya mapaa yasiyo na wenyewe. Kwa sababu hiyo si sahihi kusema, kama inavyosemwa katika hafla nyingi za mashuleni, kwamba wanafunzi wa ng'ambo wamekiweka kijiji katika ramani. Wao wameweka mapaa, na wanakijiji wenyewe ndio waliokiweka kijiji.

Ukweli huo unazidi kueleweka ukikumbuka kwamba Watanzania hawakungoja wageni ili waanze. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale, jijini Dar es Salaam, kuuchora mtaa huo uliosongamana. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa jiji hilo hilo kuchora mitaro na nyumba za mabondeni ambako mafuriko hugonga hodi kila masika. Vijana hao walitembea kwa miguu, wakauliza wazee maji yalifika wapi, kiunoni au magotini.

Je, wanafunzi wa ng'ambo hupata nini, mbali na saa zao? Wengi huianza kazi hii wakiiona Afrika kama mbuga yenye simba. Jina Serengeti limewazoesha hivyo. Baada ya majuma machache ya kufuata mapaa, hutambua kwamba kandokando ya hifhadi hiyo mashuhuri wanaishi watu kwa maelfu, wenye mashamba yaliyopangika, minada, makanisa na viwanja vya mpira. Ujuzi huo ni mdogo, na haufai kukuzwa kupita kiasi. Kijana hajamjua mtu hata mmoja kwa jina. Ndiyo maana miradi iliyo bora huandaa pia mazungumzo ya moja kwa moja. Inapotimu saa mbili usiku Mugumu, huko Uingereza katika majira ya baridi ni saa kumi na moja jioni, wanafunzi wakiwa wameshatoka madarasani, na New York ni saa sita mchana. Mazungumzo hayo hutegemea umeme na bando, na hukatika mara kwa mara. Hata hivyo swali moja kutoka kwa mwanafunzi wa Mara, kwa mfano kwamba na ninyi kwenu nani huamua binti aolewe lini, hubadili mkao wa kikao kizima.

Katika jambo hili watoto wa Waswahili waishio ughaibuni wana akiba ambayo bado haijatumiwa ipasavyo. Kijana wa Leicester, Muscat au Minneapolis ambaye nyumbani husikia Kiswahili anaweza kusoma ujumbe wa mwanakijiji bila mkalimani. Anaweza kung'amua kwamba neno lililoandikwa kando ya jengo ni "zahanati" na si jina la mtu. Akiwa na bibi au mjomba aliyekulia bara, anaweza kumwita aje kutazama kioo cha kompyuta: "Shikamoo bibi, hebu niambie, hili ni nini?" Bibi asiyejua kubofya chochote atatofautisha kihenge na msonge kwa kutupa jicho mara moja. Mkaguzi wa namna hiyo hapatikani kwa urahisi.

Limebaki suala la siri. Ramani iliyo wazi kwa mwokoaji iko wazi pia kwa anayemsaka binti. Kwa hiyo, taarifa za mabinti wenyewe, majina yao, nyumba zao na simu zilizopigwa, hazipaswi kamwe kuingia katika ramani ya umma, na wanafunzi wa mbali hawana haja ya kuzijua hata kama wanatamani kusikia kisa cha kuwasisimua. Baadhi ya walimu hulalamika kwamba vijana wao hukata tamaa wasipoelezwa ni binti gani waliyemsaidia. Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini usalama wa binti hauwezi kuwekwa rehani ili mtu wa mbali apate kuridhika.

Nayo ramani haimaliziki. Nyumba za nyasi huezuliwa zikaezekwa mabati, daraja la miti huchukuliwa na maji, familia huhamia ng'ambo ya mto. Mraba uliokamilika miaka mitano iliyopita huenda leo ukawa na nyumba maradufu. Mvua za vuli zinapoanza kunyesha Mara, wanafunzi wa Uingereza na Marekani huwa wamerejea madarasani kutoka likizo ndefu, na fomu za saa hugawiwa upya. Kati ya wakati huo na kufungwa kwa shule za Tanzania mwezi Desemba kuna majuma machache tu, na miraba ya kukagua bado ni mingi.